Cheo na Kizazi cha Prosesa

Wasikilizaji wangu watukufu, mlioko Nyeri mjini na Karatina, Othaya na Mukurweini, Kerugoya, Embu na Nanyuki kwenye upepo wake, kwa kuwa najua wengi wenu huwasha redio saa hii mkitarajia siasa au matangazo ya vifo, naomba radhi mapema, maana mazungumzo yangu ya leo ni ya dukani: namna mtu mwenye fedha chache anavyoweza kununua kompyuta ya mezani katika miji hii yetu iliyo chini ya mlima bila ya kupunjwa, na hususan namna ya kuchagua kile kipande kidogo kilicho moyoni mwake, kiitwacho prosesa.

Sababu ya maneno haya ni mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyeolewa Othaya, ambaye mama yake, alipopokea bonasi ya majani chai mwezi wa Oktoba, alimtengea shilingi 70,000 afungue saiba karibu na soko, apate kuwachapia watu barua, kuwajazia fomu za eCitizen, na ifikapo tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi kwa KRA, awahudumie wale wote waliokaa mwaka mzima wakisema kesho. Alinijia Jumamosi moja asubuhi, akaketi, akanywa chai, kisha akasema, "Mjomba, nakuomba unisindikize mjini nikanunue CPU tatu."

Herufi hizo tatu kwa asili yake ni jina la prosesa yenyewe, kipande cha silikoni kinachoenea kiganjani na nafasi ikabaki. Lakini katika maduka yetu, na katika vinywa vyetu sote, CPU ni sanduku zima la chuma, pamoja na diski, feni, nyaya na vumbi lililomo ndani yake. Sina ugomvi na watu juu ya jina, maana lugha ni ya wasemaji wake. Walakini jina hili limeleta madhara yake, kwa kuwa ukimwuliza mnunuzi CPU yake ni ya namna gani, atakujibu kwamba ni Dell nyeusi, au ni HP ile ndefu, kama mtu aulizwaye ng'ombe wake hutoa maziwa kiasi gani akajibu kwamba ana madoa mgongoni. Sanduku limemeza kilichomo ndani yake, na muuzaji asiye na insafu hupenda iwe hivyo.

Basi tukashuka mjini. Na bidhaa tuliyoikuta huko, tuseme kweli, aghalabu ni mtumba. Ofisi, mabenki na shule za Uingereza na za nchi nyingine za Ulaya hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, si kwa sababu zimekufa bali kwa sababu hesabu zao za vitabuni zimekwisha; wafanyabiashara huzikusanya, nyingine zikapitia Dubai, zikateremshwa Mombasa, zikalala Nairobi katika maghala na ghorofa za Luthuli na Moi Avenue, na kutoka huko hupandishwa matatu pamoja na abiria, takriban kilomita 150, hadi kwetu. Zote huitwa ex-UK, hata ile ambayo haijapata kuiona London. Majina yake mnayajua: OptiPlex za Dell, EliteDesk na Compaq za HP, ThinkCentre za Lenovo. Mimi siyadharau masanduku haya hata kidogo. Yalitengenezwa kwa ajili ya makarani wa kukaa kutwa, chuma chake ni kizito, na vipuri vyake vinapatikana. Na lau ningelazimishwa kuchagua kati ya OptiPlex iliyotumika yenye i5-4570 ya mwaka 2013 na kisanduku kipya kinachong'aa, kilichofungwa karatasi za nailoni na kubeba Celeron N4020 yenye kori mbili dhaifu, ningechukua kikongwe bila ya kusitasita. Upya wa sanduku si upya wa nguvu.

Katika duka la kwanza, kijana wa pale, mwenye ulimi mtamu kama wa dalali wa mnada, alituwekea masanduku mawili juu ya meza. La kwanza lilikuwa na bandiko lililoandikwa Core i7, na bei yake shilingi 18,000. La pili, jembamba kuliko la kwanza, lilikuwa na bandiko la Core i3, na bei yake shilingi 24,000. Mpwa wangu akanitazama, nami nikajua anachokiwaza, kwa maana kila aliyepata kusoma hesabu hujua kuwa saba ni kubwa kuliko tatu, na yule kijana, alipoona macho yake yameelekea kwenye ile ya saba, akaongeza, "Hii i7 ni ya wakubwa, dada. Watu wa i3 ni wa kuandika barua tu."

Nitakaa kidogo hapa, wasikilizaji, kwa kuwa hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea.

Majina haya i3, i5 na i7 ni vyeo. Kampuni ya Intel, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1968, ilianza kuvitoa mwaka 2008 kwa i7, ikafuatiwa na i5 mwaka 2009 na i3 mwaka 2010, na maana yake ni daraja la prosesa miongoni mwa ndugu zake waliozaliwa mwaka mmoja nayo. Lakini cheo hakisemi mwaka. Sajini wa jeshi la leo na jemadari wa jeshi la mishale wote wana vyeo vyao, na jemadari ni mkubwa kwa heshima. Lakini siku ya vita sajini ndiye mwenye bunduki. Kinachosema mwaka ni kizazi, na kizazi hakiandikwi kwa herufi kubwa juu ya bandiko; kimo katika tarakimu zinazofuata, zile ambazo muuzaji hazitamki ila akiulizwa, na mara nyingine hata akiulizwa.

Chukua i5-4570. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 4, basi hiyo ni ya kizazi cha nne, cha mwaka 2013. Ile i5-3470 ni ya kizazi cha tatu, cha mwaka 2012. I5-2400 ni ya pili, ya 2011. I5-6500 ni ya sita, ya 2015. I5-8400 ni ya nane, iliyotoka mwishoni mwa 2017. Kizazi cha tano hamtakikuta sana kwenye kompyuta za mezani, kwa kuwa kilipita kama mvua ya kiangazi, basi msimtuhumu muuzaji asiyekuwa nacho. Na pale tarakimu zinapokuwa tano, kama i3-10100 au i3-12100, mbili za kwanza ndizo kizazi: cha kumi, cha kumi na mbili. Hesabu hii mtoto wa darasa la nne anaiweza, na mimi nimewaona watu wazima wenye shahada wakinunua bila ya kuifanya.

Basi nikamwomba yule kijana awashe masanduku yote mawili. Ile i7 ikajitaja kuwa i7-2600, ya kizazi cha pili, ya 2011, yenye kori nne na mapigo ya gigahezi 3.4, ikila hadi wati 95 inapokazana. Ile i3 ikajitaja kuwa i3-8100, ya kizazi cha nane, yenye kori nne vilevile, gigahezi 3.6, wati 65. Sitaki niwadanganye kwa kusema kwamba mzee yule hafai kitu: i7-2600 ina uwezo wa kushika kazi nane kwa wakati mmoja, mbili kwa kila kori, na katika kazi nzito zinazogawanyika vipande vingi wawili hawa wanakaribiana mno. Lakini saiba ya Othaya haina kazi za namna hiyo. Kazi yake ni ukurasa mmoja unaofunguka, fomu moja inayojazwa, waraka mmoja unaochapwa, na katika kazi za moja moja kijana humwacha mzee mbali, kwa sababu kila pigo la kizazi kipya hufanya kazi zaidi ya pigo la kizazi cha kale. Ndiyo maana gigahezi peke yake ni mizani ya udanganyifu unapolinganisha miaka tofauti. Fauka ya hayo, sehemu ya picha iliyomo ndani ya i3-8100 huzifungua yenyewe video za mitindo ya sasa, zile za YouTube na nyinginezo, ilhali ya 2011 haikufundishwa mitindo hiyo, na prosesa nzima hutokwa na jasho kwa ajili ya wimbo mmoja.

Nikamweleza mpwa wangu haya pole pole, mbele ya muuzaji, naye kijana wa watu, nimsifu kwa hili, hakukasirika, alicheka, akasema, "Mzee, wateja wengi hawaulizi." Nikamwambia kwamba hilo ndilo linalonitia huzuni.

Nilisema kwamba nilimwomba awashe masanduku, na nataka niseme kwa nini, ingawa simulizi yenyewe haina fahari kwangu. Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya kujifunza haya ninayowaambia, nilinunua sanduku lenye bandiko la i5 katika mji mmoja wa huku kwetu, duka gani sitalitaja, nikalibeba nyumbani nikiwa na furaha ya bwana harusi, na nilipolichunguza baada ya mwezi, likinichosha kwa uzito wake, nikakuta ndani mna i3-2100 yenye kori mbili tu. Bandiko halikuwa na kosa. Sanduku kweli lilizaliwa na i5. Ni kwamba baina ya Ulaya na Nyeri kuna mkono uliofungua kifuniko, ukatoa prosesa ya thamani, ukatia ya rakhisi katika soketi ileile, kwa kuwa zote mbili ni za soketi ya 1155 na hukaa mahali pamoja bila ya malalamiko. Niliporudi kuuliza, nilijibiwa kwamba bidhaa iliyotoka dukani hairudi. Tangu siku hiyo siamini gundi. Ukiwasha Dell, bonyeza F2 kabla ya Windows haijaamka. HP ni F10. ThinkCentre ni F1. Na hapo mashine yenyewe itakuambia jina la prosesa yake kamili, herufi kwa tarakimu. Kama Windows imekwisha amka, shika Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende kwenye sehemu ya utendaji, utaliona jina lilelile. Muuzaji anayekataa kuiwasha mashine mbele yako amekwisha kukujibu swali lako.

Sasa, kabla hatujatoka kwenye prosesa, kuna herufi za mwisho ambazo ni ndogo kwa umbo na kubwa kwa gharama. Mwanafunzi mmoja wa hapa, kijana mwenye bidii, alikusanya fedha za miezi mingi ili ajiundie kompyuta mpya kwa vipande, akaagiza kutoka Nairobi i3-12100F kwa kuwa ilikuwa rahisi kidogo kuliko i3-12100 isiyo na F. Prosesa yenyewe ni nzuri mno, ya mwaka 2022, na inawashinda i7 wengi wa zamani. Lakini F hiyo maana yake ni kwamba haina sehemu ya picha ndani yake, na pasipo kadi ya picha ya kununua pembeni skrini hubaki nyeusi kama usiku wa msitu wa Aberdare. Alikaa siku tatu akidhani kwamba ameharibu kitu. Alichookoa kwenye F alikipoteza mara nne kwenye kadi. Herufi T, kwa upande mwingine, ni ya heri kwa watu wa kwetu: i5-6500T, mathalan, hula wati 35 tu, na hukaa katika visanduku vidogo vinavyoweza kufungwa nyuma ya skrini, ambavyo betri ya UPS ndogo huvishikilia kwa muda mrefu zaidi umeme unapopotea, na mtu anayeishi na Kenya Power wakati wa mvua za Aprili hahitaji kuambiwa kwamba umeme hupotea.

Mtaniuliza, na AMD je? Swali la haki. Kampuni hiyo, iliyoanza mwaka mmoja baada ya Intel, imetoa tangu 2017 prosesa ziitwazo Ryzen ambazo kwa mtu wa kununua vipande vipya ni neema, kwa sababu soketi yake ya AM4 imedumu miaka mingi, na mtu aliyeanza na Ryzen 3 2200G ya 2018 anaweza, bodi yake ikiruhusu, kuja kuweka Ryzen 5 5600G ya 2021 mahali palepale. Huko kwa AMD herufi G ndiyo yenye picha ndani, na kwa Ryzen za miaka hiyo zisizo na G, mambo ni kama ya F ya yule mwanafunzi. Lakini katika mtumba wa miji yetu mtaikuta kwa nadra, kwa kuwa makarani wa Ulaya walikalishwa mbele ya Intel, na mtumba haufuati matakwa ya mnunuzi. Hufuata kabati la aliyetupa. Na mkikuta AMD ya kale ya jamii ya FX ikisifiwa kwa kori nane, kumbukeni kwamba huko Marekani wanunuzi waliishtaki kampuni juu ya hesabu ya kori hizo, na mwaka 2019 ikakubali kulipa dola milioni 12.1 ili kesi iishe. Hata kori zina namna za kuhesabiwa.

Yule kijana wa dukani, alipotuona tunafahamu, akabadilisha mwendo, akatushauri tununue masanduku ya kizazi cha sita kwa bei ya chini, kisha "tuyapandishe" baadaye kwa kuyatia prosesa ya kizazi cha nane, maana zote, akasema, ni za soketi ya 1151. Hapo nilimtazama usoni nisijue kama ni hila au ni kutojua. Ni kweli kwamba soketi ina jina moja na prosesa inaingia kwenye tundu bila ya taabu. Lakini bodi za kizazi cha sita na cha saba haziiamshi prosesa ya nane. Mnunuzi hubaki na prosesa nzuri, bodi nzuri, na kimya kati yao. Kwa masanduku haya ya ofisi mimi husema nunua mashine ilivyo, wala usinunue ahadi ya itakavyokuwa.

Na sasa nitasema jambo ambalo mtu aliyekuja kuzungumza juu ya prosesa hapaswi kulisema. Katika mashine nyingi za miji hii, inayochelewesha si prosesa. Mmepata kukaa kwenye saiba, mkisikia feni ikinguruma kama lori linalopanda mlima kutoka Sagana na ukurasa haufunguki, mkamlaumu mwenye saiba, naye akalaumu intaneti, na intaneti ikalaumu mvua. Aghalabu mwenye kosa ni ile diski ya kuzunguka, ya miaka kumi, inayotafuta kila herufi kwa kijiti kama kipofu apapasaye ukuta. Prosesa iliyo mbele ya diski hiyo ni fundi cherehani stadi wa Karatina aliyemtuma mtoto kwa miguu akamletee kitambaa ghalani: mkono wake ni mwepesi, lakini umekaa bure. Toa diski ile, weka SSD, hata ndogo ya gigabaiti 256, na i5-4570 ya 2013 itaamka upya mbele ya macho yako. Ongeza ramu ifike gigabaiti 8, na uangalie kwamba masanduku ya kizazi cha nne na kurudi nyuma hutumia ramu ya DDR3, ilhali ya sita na kuendelea aghalabu ni DDR4, na moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Kisha mwambie fundi afungue feni, apanguse lile vumbi letu jekundu, na apake upya ile dawa ya kupitishia joto kati ya prosesa na chuma chake, ambayo baada ya miaka kumi hukauka ikawa kama chokaa. Baridi yetu ya Julai husaidia, lakini haiwezi kuondoa vumbi.

Linabaki suala la tarehe. Microsoft iliitoa Windows 11 mwezi wa Oktoba 2021, ikatamka kwamba haitaikubali rasmi prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana, wala Ryzen za mwanzo. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 ikaacha kuihudumia Windows 10 kwa masahihisho ya bure ya kawaida. Amri hiyo, iliyoandikwa mbali na hapa na watu wasioijua Othaya, ndiyo inayopanga bei za maduka ya Gakere Road hapa Nyeri. Masanduku ya kizazi cha sita na cha saba, ambayo bado yana nguvu ya kufanya kazi miaka mingi, yameporomoka thamani kwa usiku mmoja, si kwa kuchoka bali kwa kunyimwa hati ya kupita. Na ofisi za ng'ambo zina kila sababu ya kuyatoa kwa wingi. Kwa hiyo kizazi cha nane kimekuwa mpaka kama mto: aliye ng'ambo hii analipa zaidi, aliye ng'ambo ile anapata rakhisi na mashaka. Nasema mashaka kwa sababu saiba ni mahali ambapo watu huingiza nambari za vitambulisho, na nywila za KRA, na za benki zao, na mashine isiyopata masahihisho ya usalama ni mlango usio na komeo. Lakini mashaka hayo yana dawa, nayo ni Linux, Ubuntu au Mint, isiyouzwa bei, ambayo i5 ya kizazi cha nne huibeba bila ya kuhema, na eCitizen hufunguka ndani yake kama kwingine. Sijui kwa nini maduka yetu hayapendi kuitaja. Labda ni kwa kuwa haina bandiko.

Ajabu iliyopo, wasikilizaji, ni kwamba tunayazungumza haya mahali ambapo chipu zenyewe zinatengenezwa. Hapo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, pembeni mwa mji wa Nyeri, kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited, kilichoanzishwa na Bwana Anthony Githinji, na mwezi wa Mei 2024, Rais Ruto alipokuwa Washington, serikali ya Marekani ilitangaza kushirikiana na Kenya katika mambo ya chipu, Kenya ikiwa nchi ya kwanza Afrika kupewa nafasi hiyo. Msidhani kwamba huko zinatoka prosesa za kompyuta za mezani. Hizo ni kazi ya viwanda vichache mno duniani vyenye mitaji ya mabilioni. Prosesa ya kwanza ya Intel, ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300, na mpaka leo kutengeneza hata chipu za kawaida ni jambo la elimu kubwa. Lakini mimi hupita njia ile nikiwaza kwamba vijana wetu wanaovaa makoti meupe mle ndani huenda jioni wakarudi kwao na kufungua OptiPlex iliyokuwa ya karani wa Manchester.

Turudi kwa mpwa wangu. Alikaa juu ya kigoda cha duka, akachukua kalamu, akapiga hesabu zake mwenyewe, nami nikanyamaza kwa kuwa fedha ni za mama yake na saiba ni yake. Mwishowe akachukua ile i3-8100 kwa shilingi 24,000, iwe ya kaunta, yenye Windows 11, ya kufanyia kazi za fomu na kodi. Kisha akachukua masanduku mawili ya i5-4570, kwa shilingi 13,000 kila moja, ya wateja wa kuchapa na kusoma, akataka yatiwe SSD na Linux, na akasisitiza, mbele ya kijana, yawashwe kwanza. Zikabaki shilingi 20,000 za skrini za mtumba, UPS moja na nauli. Ile i7-2600 aliiacha mezani, na tulipokuwa tukitoka, mzee mmoja aliyevaa kofia ya manyoya alikuwa tayari ameinama mbele yake, akisoma bandiko kwa kidole. Nilirudi nyuma nikamwambia neno moja juu ya kizazi. Alinishukuru kwa heshima, akamgeukia kijana, akamwuliza bei ya mwisho ya hiyo i7.

Mwezi uliopita nilipita Othaya. Palikuwa na baridi, dirisha la saiba limejaa mvuke, na foleni ya watu watano au sita waliojifunga mashali. Nilisimama mlangoni nikitega sikio kusikia ule mngurumo ninaoujua wa saiba zetu, nisiusikie, na kwa muda nikafikiri kwamba umeme umepotea, mpaka printa ikaanza kutoa karatasi.